Nani Anamwaga Kelele Kwenye Redio Zetu?

Ndugu msomaji, leo nimeamua kuiweka siasa pembeni. Wapo wanaoiandika kila siku na wataendelea kuiandika. Leo naomba tuongelee mkwaruzo. Namaanisha ule mlio wa "zzzzzz" unaoingia redioni saa moja usiku, wakati taa zimewashwa na kila soketi ina chaja yake. Ukiuliza unaambiwa ni hali ya hewa. Au unaambiwa redio yako imezeeka. Au, na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, unaambiwa zama za redio za namna hiyo zimepita, nunua simu kubwa usikilize mtandaoni.

Mimi nasema hapana. Sehemu kubwa ya mkwaruzo huo haitoki mbinguni. Inatoka ukutani. Ni uchafu unaotengenezwa kiwandani, unaingizwa nchini kwa kontena, unauzwa dukani, na sisi tunaununua na kuuchomeka wenyewe. Na ungeweza kuzuiwa kwa vipande vitatu vinne vidogo ambavyo mtu fulani aliamua kuvitoa ili apate faida zaidi.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chukua redio ya betri, weka kwenye masafa ya kati, yale yaliyoandikwa MW, tafuta mahali pasipo na kituo, kisha tembea nayo nyumbani. Isogeze karibu na chaja ya simu. Isogeze karibu na taa ya LED, karibu na adapta ya king'amuzi, karibu na kompyuta inayochajiwa. Kila kitu kina sauti yake: kingine kinalia kama nyuki, kingine kama kereng'ende, kingine kinanguruma. Sasa nenda kwenye swichi kuu, uzime umeme wa nyumba nzima. Ukisikia redio inatulia ghafla na kituo cha mbali kinajitokeza, basi umempata mwizi wako. Kama bado inalia, mwizi yuko kwa jirani. Radi nayo hukwaruza, ni kweli, na sisi wa nchi za joto tuna radi nyingi. Lakini radi inapasuka "kra! kra!" halafu inanyamaza. Hailii bila kupumua kutwa kucha.

Sasa kwa nini chaja ipige kelele redioni? Ngoja nieleze kwa lugha ya kawaida.

Adapta za zamani, wale mliokuwa na redio kaseti mnazikumbuka, zilikuwa nzito kama jiwe. Ndani yake kulikuwa na transfoma ya chuma na waya wa shaba. Ilipokea umeme wa volti 230, unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, ikaupunguza taratibu. Ilikuwa nzito, ilipata joto, na ilikula umeme wa bure. Lakini ilikuwa na adabu.

Chaja ya leo ni mnyama mwingine. Kwanza inaugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu wa volti zaidi ya 300. Kisha kuna swichi ndogo ya transista ambayo kazi yake ni kuukata na kuuachia umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, nyingine hata mamia ya maelfu. Kwa sababu ya kasi hiyo, transfoma yake inaweza kuwa ndogo kama tende. Ndiyo maana chaja inaingia mfukoni. Pawa saplai za namna hii ziko kila mahali: kwenye runinga, kompyuta, king'amuzi, taa za LED. Hata kidhibiti cha sola na inveta ndogo ya kijijini vinafanya kazi kwa mtindo huo huo wa kukata na kuachia.

Naomba nieleweke, siuchukii mtindo huu. Umetupa vitu vyepesi, visivyopoteza umeme mwingi. Tena chaja nyingi zinakubali kuanzia volti 100 hadi 240, na kwa nchi ambazo umeme unashuka hadi taa zinakuwa kama kibatari, hilo si jambo dogo. Shida iko kwenye kule kukata.

Umeme unaopanda na kushuka taratibu kama bahari shwari unakaa kwenye masafa yake. Umeme unaokatwa ghafla unazaa watoto. Swichi ikikata mara 65,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 65, kelele yake haiishii hapo. Inatokea tena kwenye 130, kwenye 195, kwenye 260, na kuendelea hivyo hivyo. Mtoto wa kumi anaangukia kilohezi 650, ndani kabisa ya masafa ya kati ambayo yanaanzia kama 530 hadi 1600. Na anayefuata yuko kwenye 715. Anayefuata 780. Ukoo mzima umepanga foleni mbele ya vituo vyako, na mkali zaidi unapanda hadi kwenye masafa mafupi. Kisha kelele hizo zinarudi kwenye waya wa umeme, na waya wa nyumba yako, uliotambaa ukutani na darini, unageuka antena ya kuzirusha.

Wahandisi walilijua hili tangu mwanzo, na dawa yake wanayo. Pale umeme unapoingia kwenye chaja unaweka chujio: pete ndogo ya feraiti iliyozungushiwa nyaya mbili, kapasita moja kati ya nyaya za umeme, nyingine ndogo ya kurudisha kelele zilikotoka. Basi. Kelele inazaliwa humo humo ndani na inafia humo humo ndani.

Sasa mwombe fundi wako afungue chaja ya bei ya kutupa. Nasema fundi, si wewe, maana kapasita ya ndani inaweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa. Mara nyingi mtaona jambo la kushangaza: kwenye bodi nafasi za vipande hivyo zimechorwa na zina alama, lakini ni tupu. Pale ilipotakiwa kukaa koili pamepigwa kipande cha waya. Maana yake nini? Maana yake aliyeichora bodi alijua chujio linahitajika. Na aliyeamuru litolewe alijua pia. Alijua chaja itawasha simu vilevile, na kwamba mteja hana kifaa cha kupima kelele. Gharama haikupotea. Ilihamishwa kutoka kiwandani ikawekwa sikioni mwa msikilizaji.

Na msikilizaji huyo ni nani? Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sisi wa mjini hatuoni tatizo kwa sababu tunasikiliza FM. FM iko juu, kati ya megahezi 88 na 108, na kwa namna inavyobeba sauti, kelele nyingi za aina hii haizijali. Lakini FM inakwenda kama macho yanavyoona. Mlima ukikaa katikati, umekwisha. Masafa ya kati na masafa mafupi ndiyo yanayovuka milima na mipaka, na usiku ndiyo hasa yanafika mbali. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, Sauti ya Ujerumani mwaka 1963, na wazee wetu walizisikia kwa masafa mafupi zikiwa zimesafiri maelfu ya kilomita. Ishara iliyosafiri hivyo inafika imechoka. Haihitaji kelele kubwa kuzikwa. Chaja moja inatosha.

Nina bibi yangu huko Mbinga, kwenye milima. Kabla ya umeme alikuwa na redio ya betri nne, na habari za usiku alizisikia safi kabisa. Kisha umeme ukaja, tukashangilia wote, na mimi nikiwemo. Taa za LED za bei nafuu zikaning'inizwa, jirani akafungua kibanda cha kuchaji simu, na kibanda hicho kina chaja ishirini ubao mmoja. Nilipomuuliza kwa simu, "Shikamoo bibi, redio inasemaje siku hizi?" akanijibu, "Marahaba mjukuu wangu. Umeme umekuja na nyuki wake." Hakulalamika. Ameizima tu redio. Na hicho ndicho kinachoniuma mimi kama mwandishi: msikilizaji wa namna hii haandiki barua kwa mhariri. Anapotea kimya kimya, halafu sisi tunakaa kwenye mikutano yetu tunasema watu wa vijijini wameacha kusikiliza redio.

Msidhani hili ni suala la wazee na redio zao tu. Mwaka 2020 zilitoka habari za kijiji cha Aberhosan huko Wales, Uingereza. Kwa miezi 18 intaneti ya kijiji hicho ilikuwa inakufa kila siku saa moja asubuhi. Kampuni ya nyaya, Openreach, ilibadilisha hadi waya wenyewe, haikusaidia. Mwishowe mafundi walizunguka alfajiri na kifaa cha kupima kelele za umeme. Ilipofika saa moja kamili, wakaisikia. Ilikuwa runinga moja ya mtumba kwenye nyumba moja, ambayo mwenyewe aliiwasha kila alipoamka. Kijiji kizima kiliumia kwa kifaa kimoja, na mwenye kifaa hakujua.

Sasa twende baharini. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwa wenye vyombo: taa za LED zinaweza kuvuruga redio za VHF. Walieleza kisa cha meli ambayo kituo cha uokoaji kilishindwa kuipata kwa redio, na vyombo vingine ambavyo redio zake zilipungua nguvu ya kusikia kwa sababu ya taa za LED zilizofungwa karibu na antena. Redio ya VHF ndiyo yenye chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Hebu fikiria boti kati ya Unguja na Pemba, au kati ya Kilindoni na Nyamisati, imefungwa taa mpya zinazong'aa mlingotini, nahodha anafurahi anaona mbali, kumbe redio yake imekuwa kiziwi. Hajui, kwa sababu redio kiziwi haipigi kelele. Inanyamaza tu. Tahadhari ile ilitoa na jaribio rahisi ambalo nahodha yeyote anaweza kulifanya leo: zima taa, weka redio kwenye chaneli tulivu, zungusha kitufe cha kunyamazisha mpaka mlio ukome kwa shida, kisha washa taa. Mlio ukirudi, taa ndiyo mkosaji.

Kuna wanaosema, kwa hiyo unataka nini, dunia isimame kwa ajili ya redio za masafa ya kati? Swali hilo limeshaulizwa Marekani, na jibu lake lina funzo. Magari ya umeme yana vifaa vya kukata umeme vikubwa sana, na kelele zake ziliivuruga redio ya AM ndani ya gari. Kampuni zingeweza kuzuia kelele. Nyingine zikaona rahisi kuitoa redio. Machi 2023 seneta Edward Markey alitangaza kwamba kati ya kampuni 20 alizoziandikia, nane zilikuwa zimeiondoa AM kwenye magari yao ya umeme. Watu wakapiga kelele, maana AM ndiyo redio inayofika mbali wakati wa kimbunga na mafuriko. Mei 2023 muswada wa kulazimisha redio hiyo ukapelekwa bungeni, na Ford ikatangaza kuirudisha. Mnaona mantiki? Badala ya kumwambia mwenye kelele anyamaze, unamng'oa masikio anayesikiliza. Ndicho tunachomfanyia bibi yangu tunapomwambia anunue simu.

Tena simu yenyewe inataka bando, inataka mnara ulio karibu, inataka chaji. Redio ya betri haina bando. Siku ya mafuriko, umeme umekatika na mnara umezimika, ndiyo inayobaki ikisema. Na kichekesho ni kwamba siku hiyo umeme unapokatika ndipo itakaposikika vizuri.

Wengine watasema tukibana, bidhaa zitapanda bei na maskini hatamudu. Hoja hii naiheshimu, lakini haisimami. Tunazungumzia pete ya feraiti na kapasita, si injini ya ndege. Halafu anayetoa chujio mara nyingi haishii kwenye chujio. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja bandia 400 zilizoigiza chapa ya Apple. Ni tatu tu zilizofaulu vipimo vyote vya usalama, na 12 zilikuwa mbaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa shoti. Sisemi kila chaja yenye kelele itakuua, wala kwamba iliyo kimya ni salama. Nasema kiwanda kinachoiba mahali usipopasikia hakioni aibu kuiba usipopaona. Chaja rahisi ya namna hiyo maskini anailipia mara mbili.

Kanuni za jambo hili si ngeni. Kamati ya kimataifa inayoshughulikia kelele za umeme kwenye redio, CISPR, iliundwa mwaka 1934, kabla babu zetu wengi hawajaiona balbu. Viwango vyake vinasema chaja inaruhusiwa kurudisha kelele kiasi gani kwenye waya, kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30. Ulaya ilitunga agizo lake mwaka 1989 na tangu 1996 kifaa kisichotimiza masharti hayo hakiruhusiwi kuuzwa huko. Marekani wana kanuni yao, Sehemu ya 15, inayomtaka mwenye kifaa kinachovuruga mawasiliano kuacha kukitumia. Wenzetu hawakuyaona mawimbi kama kitu cha bure cha kumwagia taka. Wameyaona kama kisima cha kijiji: kila mtu anachota, hakuna anayeruhusiwa kufulia ndani yake.

Sasa nasema na wakubwa zetu. TBS, na KEBS kwa ndugu zetu wa Kenya: pimeni kelele za chaja na taa zinazouzwa madukani, nunueni zile zile za Kariakoo na Luthuli Avenue ambazo mwananchi ananunua, si sampuli aliyoileta mwagizaji. Kisha tangazeni majina ya zilizofeli. Cheti kinaweza kugushiwa, jina likitoka gazetini halifichiki. TCRA: mnayasimamia masafa na mnayauza kwa pesa nyingi, basi yalindeni. Mwananchi akileta malalamiko kwamba redio imevurugwa, apokewe kama anavyopokewa anayelalamikia mtandao wa simu. Halmashauri na miradi ya sola: mnanunua taa kwa maelfu kwa ajili ya shule na zahanati. Andikeni sharti hilo kwenye zabuni. Mnunuzi mkubwa akikataa uchafu, muuzaji anabadilika haraka kuliko kwa hotuba.

Na sisi je? Yapo ya kufanya leo. Chomoa chaja isiyochaji kitu. Isikilize redio kwa betri, karibu na dirisha, mbali na nyaya za ukutani. Taa ukiinunua, nenda na redio ndogo dukani, mwambie muuzaji aiwashe, usikilize. Atakushangaa, mwache ashangae. Ukipata pete ya feraiti kutoka kwenye kompyuta mbovu, mwambie fundi akuzungushie waya wa adapta mara kadhaa ndani yake, mara nyingi kelele inapungua. Na jirani yako akiwa ndiye mwenye kelele, usimfuate kwa shari. Mwenye runinga ya Aberhosan alipoambiwa, aliizima.

Kwa waandishi wenzangu nina neno moja. Tunaandika habari za moshi wa viwanda na plastiki za mitaroni, na ni vizuri. Huu nao ni uchafu, tofauti ni kwamba hauna harufu na hauonekani kwenye picha. Lakini unasikika. Tuurekodi, tuupeleke kwa wahusika, tuwaulize mbele ya kipaza sauti: huu mlio ni wa nani, na nani amemruhusu?

Naomba kuwasilisha.